Donge la Aota na Imani Iliyopitiliza kwa Kidonge

Vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, hasa rivaroksabani na apiksabani, vinazidi kushuka bei. Hataza zake zinaisha nchi moja baada ya nyingine, viwanda vya India vinatengeneza nakala, na dawa iliyokuwa ya wenye bima nono sasa unaweza kuikuta kwenye duka la dawa la mtaani. Wakati huohuo majarida ya kitabibu yamekuwa yakichapisha taarifa za wagonjwa waliokutwa na donge la damu ndani ya aota, mshipa mkuu wa damu, wasipasuliwe, wakapewa vidonge, na baada ya wiki au miezi kadhaa picha ikaonyesha mshipa safi. Taarifa hizo zimetoka majaridani zikaingia kwenye simu zetu, na huko zimefupishwa mpaka ikabaki sentensi moja: siku hizi donge la aota linayeyushwa kwa kidonge. Bei nafuu na habari njema zikikutana, kinachozaliwa ni imani kwamba donge ni donge, dawa ni ileile, na kisu ni mambo ya kale. Kwa maoni yangu imani hiyo ni kweli nusu, na nusu yake ya pili inaweza kuua. Kidonge kinastahili kuwa hatua ya kwanza kwa wengi wenye tatizo hili. Lakini kinafaa pale tu daktari anapojua donge lile ni la aina gani na limeota hapo kwa sababu gani, na pale panapokuwa na mtu wa kulitazama tena baadaye. Hayo yakikosekana, anachopewa mgonjwa ni bahati nasibu.

Aota ndiyo ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, iliyo kubwa kuliko zote mwilini. Kwa mtu mzima aliyetulia, karibu lita tano za damu hupita humo kila dakika, kwa kasi ambayo kwa kawaida hailipi donge nafasi ya kushika ukutani. Ndiyo maana madonge mengi tunayoyasikia huota kwingine: kwenye vena za miguu, mishipa inayorudisha damu moyoni, ambako damu hutembea polepole, au ndani ya moyo uliochoka. Donge likikutwa kwenye ukuta wa aota ambao haujatanuka wala haujajaa mafuta na chokaa, lazima kuna kitu kimelipa nafasi. Pengine damu yenyewe ina tabia ya kuganda kupita kiasi, kwa kurithi au kwa ugonjwa wa kinga ya mwili unaoitwa sindromu ya antifosfolipidi. Pengine ni saratani, au hata dawa yake. Sisplatini, ambayo hutumika sana kwa saratani ya mlango wa kizazi na kwa hiyo si ngeni katika hospitali za Afrika Mashariki, imehusishwa na madonge kwenye ateri, aota ikiwamo. Sigara imo kwenye orodha. Na katika miaka ya Uviko-19 madaktari wa nchi nyingi waliripoti madonge ya namna hii kwa watu ambao aota zao hazikuwa na historia yoyote ya ugonjwa.

Mgonjwa wa aina hii mara nyingi haji akilalamikia kifua. Anakuja na mguu. Amelala mzima, alfajiri ameamka mguu mmoja umekuwa baridi na mweupe, unauma hata akiwa ametulia, vidole vinaanza kufa ganzi, na daktari akigusa juu ya unyayo hasikii mapigo. Akiwahi, anafunguliwa kwenye kinena, mrija wenye puto dogo nchani unapitishwa ndani ya ateri, donge linavutwa nje na mguu unarudi rangi. Hapo wengi hushusha pumzi. Lakini kipande kile kimetoka wapi? Moyo unapimwa kwa ultrasaundi, hauna kitu. Mapigo yake yamepangika vizuri. Ni mpaka kifua kipigwe picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta, yenye dawa ya mshipani ya kuonyesha mkondo wa damu, ndipo unapoonekana ulimi wa damu iliyoganda, umeshika ukuta wa aota karibu na pale inapochipuka ateri ya mkono wa kushoto, ncha yake ikining'inia ndani ya mkondo wa damu. Picha hiyo isipopigwa, mgonjwa ataruhusiwa kwenda nyumbani na aspirini na maandishi kwamba chanzo hakikujulikana, huku chanzo akiwa nacho kifuani. Safari inayofuata kipande kinaweza kwenda kwenye utumbo, figo au wengu, na kama donge limekaa juu zaidi, kwenye ubongo.

Sasa, kidonge hufanya nini hasa? Hakiyeyushi. Hili ndilo jambo la kwanza lililopotoshwa na ile sentensi moja. Wafarini, kidonge cha zamani, huzuia ini kutengeneza protini za kugandisha damu zinazotegemea vitamini K. Rivaroksabani na apiksabani hufunga protini moja tu katika mnyororo huo, ile inayojulikana kama faktari Xa. Dabigatrani, nacho kidonge kipya, hufunga protini nyingine ya mnyororo huo, thrombini. Zote hukomesha donge kuongezeka, basi. Kazi ya kulila donge lililokwishaota hufanywa na mwili wenyewe, kwa kimeng'enya kiitwacho plasimini, polepole, na donge la siku chache hulika kirahisi kuliko lile lililokomaa na kugeuka nyama ngumu ya kovu. Hii ina maana kwamba kati ya siku ya kumeza kidonge cha kwanza na siku aota itakapokuwa safi kuna kipindi kirefu ambamo donge bado lipo, linalegea, na linaweza kukatika. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba dawa inayeyusha atajiona amepona akiwa katikati ya kipindi hicho. Mgonjwa aliyeelezwa ukweli atajua kwa nini hatakiwi kuruka hata siku moja.

Jambo la pili limepotoshwa vibaya zaidi, nalo ni kudhani kwamba kila kinachoitwa donge la aota ni kitu kimoja. Aota ya tumbo ikivimba na kutanuka, wagonjwa wengi huwa na tabaka la damu iliyoganda ndani ya uvimbe huo. Tabaka hilo kwa kawaida halitibiwi kwa dawa za kuzuia damu kuganda. Kinachofuatiliwa ni upana wa uvimbe, kwa kuwa hatari yake ni kupasuka. Aota ikichanika tabaka zake za ndani na damu ikajitengenezea njia ya pembeni, damu kuganda ndani ya njia hiyo ya uongo na kuiziba kabisa ni jambo ambalo madaktari huliombea. Kuna pia damu inayovuja ndani ya ukuta wenyewe wa aota, ambayo kwa jicho lisilozoea inaweza kufanana na donge lililoshika ukutani. Mpe mgonjwa huyo dawa ya kuzuia damu kuganda na unaweza kuukuza uvujaji ambao ungepaswa kuukomesha haraka kwa kushusha shinikizo la damu. Halafu kuna aota ya mzee iliyojaa utando mnene wa mafuta, ambapo vijidonge hukaa juu ya mabaka. Kwa hao, jaribio la ARCH lililochapishwa mwaka 2014 liliwalinganisha watu 349, wengine wakipewa wafarini na wengine aspirini pamoja na klopidogreli, dawa za kuzuia chembe sahani za damu kushikana. Idadi ya waliopata kiharusi au janga jingine la mishipa haikutofautiana kiasi cha kutoa uamuzi, na jaribio lilikuwa dogo mno kumaliza ubishi. Kwa hiyo mtu anaposema donge la aota linatibika kwa kidonge, swali la kwanza ni kwamba anazungumzia lipi kati ya hayo.

Tubaki basi na lile la kwanza, donge linaloning'inia kwenye ukuta usio na ugonjwa mwingine. Hapa ubishi ni wa haki. Madaktari wa upasuaji wana hoja nzito, na hoja yao ina takwimu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikusanya wagonjwa 200 kutoka taarifa mbalimbali, karibu nusu wakiwa wametibiwa kwa dawa peke yake na nusu kwa upasuaji. Donge lilibaki au kurudi kwa takriban robo ya waliopewa dawa, na kwa wachache sana kati ya waliopasuliwa. Vipande kurushwa tena kwenye viungo vingine navyo vilikuwa vingi zaidi upande wa dawa, na waliopoteza miguu vilevile. Ukisoma hapo ukafunga ukurasa, utasema kisu kimeshinda. Lakini hawa hawakupangwa kwa kura nani apewe dawa na nani apasuliwe. Aliyepasuliwa alikuwa mtu ambaye mwili wake ungestahimili kupasuliwa, katika hospitali yenye timu ya kumpasua, na matokeo yake yalikuwa mazuri kiasi cha mtu kutamani kuyachapisha. Tena dawa za kundi lisilopasuliwa zilikuwa hasa heparini, ambayo ni ya sindano, na wafarini, kila hospitali na utaratibu wake. Na upasuaji wenyewe si kitu cha kutamkwa kirahisi. Kulitoa donge lililo kwenye upinde wa aota kunahitaji mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu, na mara nyingi mwili kupozwa. Njia ya kuingiza mrija wa kitambaa na chuma kupitia kinena ili kulibana donge ukutani ni nyepesi zaidi, lakini waya unaopita pembeni ya donge unaweza kulikata, na mrija ukiziba ateri zinazolisha uti wa mgongo mgonjwa anaweza kuamka miguu yake haisogei. Kwa kupima yote hayo, naona ni sawa kuanza na dawa kwa mgonjwa aliye imara, na kuweka upasuaji kwa yule anayeendelea kurusha vipande akiwa kwenye dawa, au ambaye donge lake ni kubwa na linacheza sana. Kwa maneno mengine mpasuaji anatakiwa awe ameshaiona picha kabla dawa haijashindwa.

Waliobaki ni wale wanaotetea vidonge vipya dhidi ya wafarini, na kwao nina ugomvi kidogo. Hoja zao nzuri zipo. Wafarini huchukua siku kadhaa kuanza kazi, inahitaji mara kwa mara kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ili kikae kati ya 2 na 3, inagombana na dawa nyingi, na inaathiriwa na chakula. Mtu wa kwetu anayekula kisamvu, mchicha au sukuma wiki leo na wiki nzima asile, INR yake itapanda na kushuka. Vidonge vipya huanza kazi ndani ya saa chache na dozi yake haibadilikibadiliki. Kwenye madonge ya vena na mapafu vimejaribiwa kwa maelfu ya watu vikaonekana vinafaa sawa na wafarini, huku damu ikivuja kwa watu wachache kuliko kwa wafarini. Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Hakuna jaribio kubwa la kura lililofanywa kwa donge la aota, kwa sababu wagonjwa ni wachache, kwa hiyo daktari hukopa ushahidi kutoka kwenye vena. Kukopa si dhambi. Nusu ya tiba ya magonjwa adimu iko hivyo.

Ila mkopo huo una sharti, na sharti lenyewe ni sindromu ile ya antifosfolipidi. Jaribio la TRAPS, lililochapishwa mwaka 2018, lilichukua wagonjwa 120 wenye aina kali ya ugonjwa huo. Kati ya 59 waliopewa rivaroksabani, 7 walipata kiharusi au mshtuko wa moyo. Kati ya 61 waliopewa wafarini hakupata hata mmoja. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Matukio yote hayo yalikuwa upande wa ateri, upande uleule wa aota. Sasa fikiria: ugonjwa unaokataa kidonge kipya ni mmojawapo wa magonjwa yanayoweza kuotesha donge la aota kwa kijana asiye na sababu nyingine. Na kuna mtego ndani ya mtego. Kipimo kimoja muhimu cha ugonjwa huo huvurugwa na rivaroksabani, kikaonyesha ugonjwa mahali usipo, na ili ugonjwa uthibitishwe vipimo vinapaswa kurudiwa baada ya wiki 12. Anayekimbilia kidonge kipya kabla ya kuchukua chupa ya damu amejifungia mlango wa kujua kama kidonge hicho kinafaa. Inachukua dakika tano kutoa damu hiyo. Kwa nini isitolewe?

Hoja yao dhaifu kuliko zote ni ile inayouzwa zaidi: kwamba vidonge vipya havihitaji ufuatiliaji, kwa hiyo vinafaa hasa kwa nchi zisizo na kliniki. Ni hoja inayopendeza masikioni mwa waziri yeyote wa fedha. Jaribio la INVICTUS la mwaka 2022 liliipima kwa namna yake, kwa zaidi ya watu 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Hao hawakuwa na donge la aota, bali ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi na mapigo yasiyopangika. Wengi walitegemea rivaroksabani ishinde, maana udhibiti wa INR katika nchi hizo ulikuwa mbovu. Waliopewa dawa za zamani, na wafarini ndiyo kubwa lao, ndio waliokufa wachache zaidi, bila damu kuvuja kwa kiasi cha kutisha. Mojawapo ya maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba mtu anayerudi kupima INR anaonana na mhudumu mara kwa mara, na mhudumu huona mengine. Maelezo hayo hayajathibitishwa, na moyo wa baridi yabisi si aota. Hata hivyo matokeo yanatosha kuivua nguo hoja kwamba kukosa kliniki ni sifa ya dawa.

Tena ufuatiliaji wenyewe hauishi kwa sababu tu INR haipimwi. Nguvu ya wafarini hufifia kwa siku kadhaa. Ya rivaroksabani huisha ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo dozi iliyorukwa ni siku isiyo na kinga. Simama kwenye dirisha la duka la dawa lolote Dar es Salaam au Mombasa jioni ya mwisho wa mwezi, utamsikia mtu akisema, "Nikatie za siku tano kwanza." Anakatiwa. Siku ya sita hela haijapatikana. Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 inatakiwa kumezwa pamoja na chakula, la sivyo mwili haunyonyi kiasi cha kutosha, na hilo ni nadra kuelezwa dirishani. Kwa anayefunga Ramadhani, dozi ya mara moja kwa siku inaweza kupangwa na futari. Dozi ya mara mbili, ambayo ndiyo ya wiki tatu za mwanzo kwa madonge ya vena, itaangukia futari na daku, saa zikiwa zimepishana visivyo sawa. Hayo ni ya kuzungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Maumivu ya goti yakizidi, diklofenaki inanunuliwa bila cheti, na damu tumboni inaanza kuvuja. Figo zikidhoofika, dawa inajikusanya mwilini.

Na kuna kifua kikuu. Rifampisini, uti wa mgongo wa tiba yake, hulisukuma ini kuvunja rivaroksabani na apiksabani haraka kiasi kwamba mgonjwa anameza kidonge kila siku na kinga haipo. Wafarini nayo huathirika, lakini INR itaonyesha, na dozi itapandishwa. Kwa kidonge kipya hakuna kipimo cha kawaida kitakachopiga kengele. Mtu anayesema dawa hizi hazina haja ya kupimwa anasema vilevile kwamba zikishindwa hatutajua. Huko Ulaya, ambako kifua kikuu ni kichache, hilo ni tanbihi ya chini ya ukurasa. Katika wodi za Mwanza au Kisumu ni jambo la kila wiki.

Hata ile dhana kwamba kliniki ya INR haiwezekani kwetu ina mashaka. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, kliniki inayoendeshwa na wafamasia ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 2000, na ripoti yake ilionyesha wagonjwa wakikaa ndani ya kiwango kinachotakiwa kwa karibu theluthi mbili ya muda, jambo linalolingana na nchi tajiri. Walifanya hivyo kwa wafamasia waliofundishwa, simu, na kuwafuata wagonjwa wasiorudi. Kliniki kama hiyo ndiyo inayoweza pia kumhoji mtumiaji wa kidonge kipya: umekatiwa vya siku ngapi, unakula nacho nini, umeanza dawa gani nyingine.

Kinachobaki ni hesabu. Mgonjwa wa donge la aota anayeanzishiwa kidonge anahitaji picha ya CT nyingine baada ya wiki kadhaa, na pengine nyingine tena baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa sababu hakuna dalili wala kipimo cha damu kinachoonyesha kama donge limepungua. Uamuzi wa kuacha dawa nao unategemea chanzo: aliyelipata akiwa kwenye sisplatini na tiba ikaisha anaweza kuja kuacha, wa antifosfolipidi atabaki na wafarini maisha yake yote. Bima na wizara zinazopanga bei ya matibabu haya huhesabu kidonge kwa sababu kina risiti. Zihesabu pia chupa ya damu ya kabla ya dozi ya kwanza na picha ya pili, ziziweke kwenye kifurushi kimoja na dawa tangu siku mgonjwa anapolazwa, maana kwa sasa picha ya pili huachwa mfukoni mwa mgonjwa, na ni hapo anapopotea.